Fomu Inayokuuliza Wewe ni Nani: Kisa cha Mshindwa Bora wa Morisi

Nchini Morisi, nchi ambayo wengi wetu tumezoea kuiona ikiandikwa Mauritius, anayetaka ubunge hujaza fomu ya uteuzi kama kwingineko. Ndani ya fomu hiyo pana sehemu moja isiyo ya kawaida. Mgombea hutakiwa atangaze yeye ni wa jumuiya ipi kati ya nne: Wahindu, Waislamu, Wamorisi wenye asili ya China, au kundi linaloitwa na katiba Wananchi kwa Jumla. Jibu lake hutumika kugawa viti vya ziada bungeni kwa jumuiya zilizopunjwa, viti vinavyoitwa vya mshindwa bora. Akiiacha wazi, fomu yake ni batili. Mwaka 2010 wagombea zaidi ya 100 waliiacha wazi kwa makusudi, na majina yao hayakuonekana kwenye karatasi ya kura.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinalibana swali gumu la demokrasia ya makabila na dini nyingi mpaka likaenea kwenye mstari mmoja wa fomu. Dola inaweza kuyalinda makundi madogo bila kumlazimisha raia ajitaje kwa kundi? Na ikishamlazimisha, inayajuaje makundi yenyewe?

Hofu iliyozaa fomu

Ukiitazama fomu hii peke yake utadhani ni ukaidi wa makarani. Sivyo. Morisi ni kisiwa kisichokuwa na wenyeji wa asili. Kila ukoo ulifika kwa merikebu, na wengine walifikishwa kwa minyororo. Watumwa walitolewa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, chini ya Waingereza, wenye mashamba ya miwa walikuwa wameshaanza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India. Karibu watu nusu milioni waliletwa kisiwani kati ya 1834 na 1920, wengi wao Wahindu, na Waislamu si haba. Wachina walikuja kwa biashara. Familia za Kifaransa zilibaki na ardhi.

Uhuru ulipokaribia, hesabu ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: Wahindu walizidi nusu ya watu wote. Kwa kundi lililo dogo, kauli kwamba wengi ndio watawale haikuwa na ladha ya uhuru. Katika mkutano wa Lancaster House jijini London, Septemba 1965, wanasiasa wa makundi madogo walidai kinga. Abdool Razack Mohamed, kiongozi wa chama cha Waislamu cha Comité d'Action Musulman, alilishikilia dai hilo kwa nguvu. Tume ya Banwell ikaletwa mwaka 1966 kubuni mfumo wa uchaguzi, mapendekezo yake yakapingwa, na waziri wa Uingereza John Stonehouse akafika kusuluhisha. Kilichopatikana ni maafikiano ya watu walioogopana.

Na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Katika uchaguzi wa Agosti 1967 waliotaka uhuru walipata viti 39 kati ya 62, lakini asilimia 44 hivi ya kura zilikwenda kwa walioupinga. Januari 1968, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, Waislamu na Wakreoli, wengi wao wazao wa watumwa, walipigana mitaani Port Louis, mji mkuu, watu wakauawa, na wanajeshi wa Uingereza wakaitwa. Uhuru ulitangazwa tarehe 12 Machi 1968. Anayeushutumu mfumo huu leo anapaswa kwanza kuikumbuka ile Januari.

Hesabu yenyewe

Kisiwa kikuu kina majimbo 20, kila moja likitoa wabunge watatu. Kisiwa cha Rodrigues hutoa wawili. Jumla 62. Juu yao huongezwa viti visivyozidi vinane vya wale wanaoitwa washindwa bora: wagombea wa vyama waliokosa kiti jimboni, lakini miongoni mwa walioshindwa wa jumuiya yao ndio waliopata sehemu kubwa zaidi ya kura. Viti vinne vya kwanza hutazama jumuiya tu. Vinne vinavyofuata hutazama jumuiya pia, ila hutolewa kwa namna ya kurudisha uwiano wa vyama uliovurugwa na vile vya kwanza. Mgombea binafsi hahesabiwi.

Jumuiya inayostahili kiti hupatikana hivi: chukua idadi ya watu wake, gawa kwa viti ilivyo navyo ukiongeza kimoja. Yenye jibu kubwa ndiyo iliyopunjwa zaidi, ipewe kiti. Kisha rudia.

Tuifanye, maana hapa ndipo kisa kilipo. Tuchukue idadi za mviringo zinazokaribiana na sensa ya 1972: Wahindu 430,000, Wananchi kwa Jumla 260,000, Waislamu 137,000, Wachina 24,000. Mgawo wa viti ninaubuni ili hesabu ionekane: 38, 16, 8 na sifuri. Wahindu: 430,000 kwa 39 ni 11,026. Wananchi kwa Jumla: 260,000 kwa 17 ni 15,294. Waislamu: 137,000 kwa 9 ni 15,222. Wachina: 24,000 kwa 1 ni 24,000. Kiti cha kwanza kinakwenda kwa Mchina, na jibu la jumuiya yake linashuka hadi 12,000.

Kiti cha pili sasa kinagombewa na 15,294 na 15,222. Kinakwenda kwa Wananchi kwa Jumla kwa tofauti ya 72. Waongeze Waislamu wakawa 138,000 badala ya 137,000: jibu lao linakuwa 15,333 na kiti kinahama. Watu elfu moja, katika nchi ya watu laki nane na nusu, wameamua nani aingie bungeni.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea sensa, na sensa inayotumika ni ile ile ya 1972. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 1982, kwa nia njema ya kujenga taifa moja, iliondoa swali la jumuiya kwenye sensa, na tangu hapo halikurudishwa. Lakini viti vya mshindwa bora havikuondolewa, na katiba ikaja kuandikwa wazi kwamba idadi za kutumia ni za 1972. Nchi ina watu zaidi ya milioni 1.2 sasa. Mgombea anaulizwa leo yeye ni nani, kisha jibu lake linapimwa kwa mizani ya zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Makundi manne yaliyopimwa kwa vipimo vitatu

Ukiyasoma majina ya jumuiya hizi polepole, kuna jambo linalojitokeza. Mbili zinatajwa kwa dini. Ya tatu inatajwa kwa nchi walikotoka mababu. Ya nne haitajwi kwa chochote: katiba inasema kwamba yeyote ambaye, kwa namna anavyoishi, haonekani kuwa wa mojawapo ya zile tatu, basi ni wa Wananchi kwa Jumla.

Kwa namna anavyoishi. Maneno hayo machache ndiyo nguzo ya jengo zima. Mpiga kura akiona mgombea amejitangaza visivyo, anaweza kwenda Mahakama ya Juu, na jaji ataamua. Lakini jaji aangalie nini? Chakula? Jina? Mavazi ya harusini? Wamorisi wengi wenye asili ya China ni Wakatoliki. Wapo Watamili, wenye asili ya kusini mwa India, walio Wakristo. Wapo watoto wa mama Mwislamu na baba Mkreoli ambao nyumbani huongea Kikreoli, lugha inayosemwa na Wamorisi karibu wote. Mwaka 2000 shauri la namna hiyo lilifika mbele ya jaji, na tatizo likawa wazi: hakuna vigezo vya kisheria vya kupima namna ya kuishi. Chama cha mrengo wa kushoto cha Lalit kiliwahi kupeleka upinzani wake mbali zaidi, wagombea wake wakaamua jumuiya zao kwa kupiga kura ya bahati.

Kundi la nne linaniumiza zaidi. Ndani yake wamo Wakreoli, wengi wao wajukuu wa watumwa, na wamo pia Wamorisi wenye asili ya Ufaransa, ambao mababu zao ndio waliomiliki mashamba na watumwa wenyewe. Kwa hesabu ya katiba wote ni jumuiya moja. Mzungu wa kundi hilo akiingia bungeni, kiti chake kinahesabiwa kuwa ni uwakilishi wa Mkreoli wa mtaa maskini wa Port Louis. Jina Kreoli halimo hata mara moja katika orodha ya jumuiya hizo. Februari 1999 mwanamuziki Kaya, Mkreoli aliyependwa mno, alifia katika mahabusu ya polisi, na kisiwa kikawaka kwa siku kadhaa. Tume ya Ukweli na Haki iliyotoa ripoti yake mwaka 2011 ilieleza kwa kirefu jinsi wazao wa watumwa walivyoachwa nyuma katika ardhi, elimu na kazi. Mfumo uliobuniwa ili asiwepo wa kusahaulika umewafunika wanaohitaji kuonekana kuliko wote.

Safari ya mstari mmoja mahakamani

Chama kidogo cha Rezistans ek Alternativ ndicho kilichokataa kuijaza ile sehemu na kubaki kinakataa. Mwaka 2005 fomu za wagombea wake zilitupwa. Wakaenda mahakamani, na jaji mmoja wa Mahakama ya Juu, Eddy Balancy, akawaruhusu kugombea. Wakasimama katika uchaguzi wa Julai. Furaha haikudumu: baadaye mwaka huo huo, mahakama hiyo hiyo ikiwa na majaji zaidi ilisema katiba haina mwanya, kila mgombea lazima ajitangaze. Ndipo mwaka 2010 yakatokea yale ya fomu zaidi ya 100. Rufani iliyofika kwa Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya mwisho ya rufani ya Morisi, haikufaulu, Desemba 2011.

Njia nyingine ilikuwa Geneva. Tarehe 27 Julai 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa maoni yake katika shauri la Narrain na wenzake. Hapa inafaa kusoma kwa makini, kwa sababu uamuzi huu hunukuliwa vibaya. Kamati haikusema kwamba viti vya jumuiya ni haramu. Ilisema kumlazimisha mgombea ajiweke kwenye kundi, huku dola yenyewe haina takwimu mpya za makundi hayo, ni jambo lisilo na msingi, na linakiuka haki ya raia ya kuchagua na kuchaguliwa iliyomo katika kifungu cha 25 cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Morisi ikaambiwa iihuishe sensa ya 1972 na itafakari upya kama mfumo huu bado unahitajika.

Serikali ya Navin Ramgoolam ilijibu mwaka 2014 kwa sheria ya muda: kwa uchaguzi unaofuata tu, mgombea anaweza kutotangaza jumuiya, naye atakuwa amejitoa kwenye viti vya mshindwa bora. Uchaguzi ukafanyika tarehe 10 Desemba 2014. Serikali ikashindwa, ikaondoka, nyingine ikaingia. Hakuna jumuiya iliyoandamana kwa sababu mtu fulani hakujitaja. Kisha sheria ikaisha muda wake. Desemba 2018 serikali ya Pravind Jugnauth ilileta muswada wa mageuzi ambao ungeliondoa sharti hilo, lakini kuibadili katiba kulihitaji robo tatu ya wabunge, na serikali haikuwa nazo. Katika uchaguzi wa Novemba 2019 walioiacha wazi ile sehemu walikataliwa tena.

Watafiti wanalisomaje

Katika elimu ya siasa kuna mvutano wa zamani ambao kisa hiki kinaumulika vizuri. Arend Lijphart anashikilia kwamba jamii iliyogawanyika itulizwe kwa kuyagawia makundi madaraka, kila moja liwe na uhakika wa nafasi yake. Donald Horowitz anaonya kwamba ukiyagawia makundi viti unawapa wanasiasa sababu ya kuyatunza makundi. Afadhali sheria za uchaguzi zimfanye mgombea ahitaji kura za wasio wa kundi lake.

Morisi imefanya yote mawili kwa wakati mmoja, na nadhani hilo ndilo wasomaji wengi wa kisa hiki hulikosa. Mpiga kura wa kisiwa kikuu lazima achague majina matatu, si pungufu wala zaidi. Chama kinachotaka kushinda jimbo huwapanga watatu wake kwa kutazama nani wanaishi pale: kwa mfano Wahindu wawili na Mwislamu mmoja, au Mhindu, Mkreoli na Mtamili. Wamorisi wenyewe huuita mchezo huo ukomyunalisti wa kisayansi, yaani siasa za jumuiya zilizopigiwa hesabu, na si sifa. Lakini matokeo yake ni kwamba bunge huwa limeshachanganyika kabla kiti hata kimoja cha mshindwa bora hakijatolewa. Viti vile vinane hukamilisha kazi ambayo vyama, kwa hesabu zao wenyewe, vimeifanya kwa sehemu kubwa.

Ndiyo maana siamini kwamba amani ya kisiwa imesimama juu ya ile sehemu ya fomu. Serikali zimeangushwa kwa kura mwaka 1982, 1995, 2000, 2005, 2014 na 2024, na walioshindwa wakaenda nyumbani. Paul Bérenger, mwenye asili ya Ufaransa, alikuwa waziri mkuu kuanzia 2003 hadi 2005 kwa makubaliano ya kupokezana na Anerood Jugnauth. Tume iliyoongozwa na Albie Sachs, jaji wa Afrika Kusini, ilipendekeza mwaka 2002 viti 30 vya uwiano wa kura, na njia hiyo ingeweza kuzifikisha sauti ndogo bungeni bila kumuuliza yeyote asili yake.

Hata hivyo sitawabeza wanaokitetea kiti cha mshindwa bora. Msomi kutoka kundi kubwa huona urahisi kusema sote ni raia tu. Kwa Mwislamu mzee aliyekuwapo Januari 1968, kiti hicho ni ahadi iliyoandikwa, na ahadi iliyoandikwa haifutwi kwa sababu waliozaliwa baadaye wanaiona imechakaa. Ana haki ya kuuliza atapewa nini badala yake, na viti vya uwiano vinavyopangwa na viongozi wa vyama havimpi jibu la moja kwa moja.

Kwa nini basi hata sensa mpya ya jumuiya haifanyiki, wakati kamati ya Umoja wa Mataifa iliitaja waziwazi? Sababu ni kwamba kuhesabu upya ni kufungua mjadala wa majina. Watamili, Watelugu na Wamarathi wamewekwa chini ya Wahindu, na wapo wanaotaka wahesabiwe peke yao. Wakreoli nao watauliza jina lao liko wapi. Kila kiongozi anajua idadi za 1972 zinamnufaisha au kumpunja kwa kiasi gani, na hakuna anayejua mpya zingemfanya nini. Sensa bado inauliza dini na lugha, na ile ya 2011 iliwapata Wahindu wakiwa asilimia 48.5 na Waislamu 17.3. Kwa hiyo mabadiliko yanaonekana kwa jicho. Yamezuiwa tu yasiingie kwenye hesabu ya viti.

Mimi naona kosa kubwa la mjadala huu ni kuyafunga pamoja mambo mawili yanayoweza kutenganishwa: kiti kwa ajili ya kundi, na sharti la kila mtu kujitaja. Anayetaka kinga ya jumuiya yake ajitangaze, ahesabiwe, apate kiti akistahili. Asiyetaka aachwe agombee kama raia, akijua hatapata kiti cha ziada. Ndivyo sheria ya 2014 ilivyofanya, na nchi ilipiga kura ikamaliza. Ushahidi wa aina hiyo ni adimu katika siasa. Bosnia na Herzegovina wanalalamikiwa tangu hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 2009 katika shauri la Sejdić na Finci, lililohusu nyadhifa ambazo Mroma (mtu wa jamii ya Roma, si wa mji wa Roma) au Myahudi hawezi kuzigombea, na hadi leo hawajalipatia ufumbuzi. Morisi ilishalijaribu jibu lake, likafanya kazi, ikaliacha lipite.

Novemba 2024 muungano wa upinzani ulitwaa viti vyote 60 vya kisiwa kikuu, mara ya tatu kutokea hivyo baada ya 1982 na 1995. Rezistans ek Alternativ, waliotupiwa fomu miaka ile, safari hii walikuwa ndani ya muungano ulioshinda, na kiongozi wao Ashok Subron akawa waziri. Waliopoteza kila jimbo la kisiwa kikuu walipata wabunge wawili tu, wote wakiwa washindwa bora, na bila viti hivyo wasingekuwa na hata mtu mmoja wa kuiuliza serikali swali. Viti hivyo viligawanywa kwa sensa ya 1972. Vijana waliopiga kura siku ile kwa mara ya kwanza, wakiwa na miaka 18, walizaliwa miaka thelathini na nne baada ya sensa hiyo.